Presha ya Gari la Mkunga

Mume wangu aliingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli ya binti yetu, akatoa funguo za gereji, akampa mpwa wake. Hakuomba. Hakusema nipe. Alizichomoa kama mtu anayechomoa ukuni jikoni, mbele ya mteja, na mbele yangu mimi niliyesimama mlangoni na birika la chai mkononi.

"Kuanzia leo utafungua wewe," alimwambia mpwa wake. "Huyu apumzike na chombo chake cha wajawazito."

Binti yangu ana miaka thelathini na tisa, ana watoto wawili shuleni, na amefungua mlango wa gereji ile kila asubuhi kwa miaka miwili, mvua au jua. Aliutazama mfuko wake uliobaki umening'inia nje kama ulimi. Akaurudisha ndani taratibu, akaulaza kwa kiganja, kama vile kulikuwa na kitu bado cha kutunza humo.

Niliweka birika chini. Wajukuu zangu hunitania kwamba hata mbuzi akila nguo zangu kwenye kamba nitamsubiri amalize ndipo nimfukuze. Siku ile subira yangu yote ilichemka ikamwagika. Nilikasirika mpaka meno yakauma. Nilikuwa na sababu ambayo watu wawili tu katika banda lile waliijua: mimi, na huyo aliyechomoa funguo.

Gereji yetu ni banda la mabati nyuma ya nyumba. Mlango wa jiko langu unafungukia humo humo, kwa hiyo miaka arobaini na miwili nimepika nikisikia nyundo na nimelala nikinusa grisi. Mume wangu wateja wote humwita Fundi Kidole. Jina hilo hakulipata bure. Magari ya zamani, yale yenye kabureta, pampu yake ya mafuta imefungwa ubavuni mwa injini, na kazi yake ni kuvuta petroli kutoka tangini na kuisukuma kwenye kabureta. Ikisukuma kidogo mno, gari linakufa mlimani. Ikisukuma kupita kiasi, kabureta inafurika. Mafundi wengine walikuwa wakibahatisha. Mume wangu alikuwa akifungua bomba pale linapoingia kwenye kabureta, anaziba mdomo wake kwa kidole gumba, anamwambia mtu apige stata, kisha anafumba macho. "Hii ina nguvu," anasema. Au, "Hii imechoka, ngozi yake imepasuka." Wakiifungua wanakuta ndivyo. Watu walikuwa wakija kutazama tu. Kidole kile kimenilisha, kimenivisha, na kimesomesha watoto wangu wote, na sitakisema vibaya.

Binti yetu alijifunza kwake tangu hajafika kimo cha boneti. Lakini yeye ni mtu wa kutaka namba. Siku moja Mkunga, mama aliyewapokea duniani nusu ya watoto wa mtaa huu, alikuja na mashine yake ya zamani ya kupimia presha ya damu. Kile kitambaa cha kufunga mkononi kilikuwa kimechanika, na alitaka kuitupa. Binti yangu akamwomba ile saa yake yenye mshale. Akaifungia kipande cha mpira mrefu, akaacha hewa katikati ili petroli isifike kwenye mshale, na huo ukawa mzani wake wa pampu.

Nilikuwepo alipoijaribu. Alichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji, akanisimamisha juu ya stuli nishike ncha yake mita mbili juu ya pale saa ilipokuwa. Mshale ukapanda ukasimama karibu na mia moja na hamsini. Akapiga hesabu kwenye kipande cha boksi, akatabasamu. "Haidanganyi, mama. Kimo cha maji na mshale vinasema kitu kimoja." Akanieleza kwamba pampu nzuri ya magari haya husimama hapo hapo, mia na hamsini au pungufu kidogo. Sikusoma sana, lakini namba nazijua, na ncha ya mpira niliishika mimi.

Mpwa wa mume wangu, ambaye wenzake humwita Spana Moja kwa sababu kila kazi huifanya na spana moja ile ile mpaka nati zinalia, alikuwa hachoki kumtania. Wao ni mabinamu, utani wao ni halali. Akimwona na ile saa atauliza, "Binamu, gari lina mimba ya miezi mingapi?" Na binti yangu, bila kuinua kichwa: "Tisa. Na wa mwisho kuligusa ni wewe, kwa hiyo anza kutafuta nepi." Tulikuwa tunacheka wote. Hata mume wangu alikuwa anacheka, zamani.

Kicheko kilikwisha baada ya mvua za masika. Jioni moja nilikuwa nachemsha maharage. Mume wangu akaingia jikoni, akafunua sufuria kuchungulia. Mfuniko wetu ni wa chuma, kishikio chake kiling'oka zamani, mimi huushika kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Yeye aliushika kwa kidole gumba na cha shahada, mikono mitupu, akasimama nao akinisimulia habari za mtu aliyemletea gari bovu. Akasimulia mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyesikia harufu ya ngozi inayoungua. Nilimpokonya mfuniko, na vidole vile vilikuwa vyeupe kama nyama iliyochemshwa. Alivitazama kama vidole vya mtu mwingine.

Ana ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, na kliniki huenda akikumbuka, na hakumbuki mara nyingi. Niliketi chini nikamsafisha.

"Usimwambie mtu," alisema. "Fundi Kidole asiye na kidole ni nani?"

Nilifunga kidonda, na mdomo wangu nikaufunga pamoja nacho. Nilidhani namfanyia wema.

Tangu hapo kila pampu ikawa dhaifu. Gari likija, anaweka kidole, anafumba macho, anasema imechoka. Wateja wakanunua pampu mpya wakatupa nzima. Binti yangu alikuwa anasubiri baba yake aende kupumzika, anapima upya kwa saa yake, anarekebisha, anafunga boneti, halafu anamwambia mteja, "Baba amemaliza." Nilimwona akifanya hivyo mara saba, mara nane. Hakuwahi kumwaibisha. Alidhani baba amezeeka tu. Mimi nilikuwa najua zaidi ya hapo, nikaendelea kumenya vitunguu.

Ndipo likaja gari la Mkunga.

Ni gari la zamani kuliko wateja wetu wengi, refu, rangi yake ya bluu imepauka juu ya paa, na viti vyake amevishonea vitambaa kwa mkono wake. Alipostaafu alikataa kuliuza. Anasema limebeba wake za watu wenye uchungu wengi mno kuligeuza vyuma chakavu, na binti yangu mwenyewe alizaliwa kwenye kiti chake cha nyuma, kwa sababu mume wangu alikuwa hajamaliza kufunga gurudumu. Sasa likawa linazima likipanda mlima wa kwenda kwa dada yake, ambaye miguu yake imegoma na kila Alhamisi humpeleka hospitali.

Mume wangu aliweka kidole. Dhaifu. Akamwambia Spana Moja afungue pampu, atoe springi yake, aweke nyingine nene iliyotoka kwenye pampu ya lori. Binti yangu siku hiyo alikuwa kwenye kikao cha wazazi shuleni. Mkunga akalipa, akaondoka. Siku mbili baadaye alirudi. Gari lilikuwa bado linazima mlimani, na sasa lilikuwa linatoa moshi mweusi, na nguo zake, alisema, zilikuwa zinanuka petroli mpaka paka wake amemkimbia.

Safari hii binti yangu alikuwepo. Alilala chini ya gari kwenye kipande cha zulia, akaufuata mpira wa mafuta kutoka tangini kwa vidole vyake, inchi kwa inchi, mpaka juu ya ekseli ambako hakuna mtu anayejisumbua kutazama. Akaukuta umepasuka ufa mwembamba kama ukucha. Pampu ilikuwa inavuta hewa badala ya mafuta. Huo ndio uliokuwa ugonjwa. Pampu haikuwa na kosa lolote tangu siku ya kwanza. Akaubadilisha mpira. Kisha akafunga saa yake kwenye bomba, akapiga stata, na mshale ukaruka ukapita mia na hamsini, ukapita mia mbili, ukagonga mwisho wa mia tatu ukabaki hapo unatetemeka. Akazima haraka.

Alipofunga bomba na kuwasha injini, petroli ikaanza kuchuruzika ubavuni mwa kabureta. Tone, tone, tone, na chini yake ni bomba la moshi ambalo likipata joto huwezi hata kulisogelea. Akazima tena, akaweka kitambaa, akamwita baba yake.

Mimi nilikuwa nimetoka na chai. Nilisikia yote.

Alimwambia kwa heshima. Alisema springi ni kali mno, warudishe ile ya zamani, ameihifadhi kwenye kopo. Mume wangu hakutazama mshale. Aliufungua mdomo wa bomba, akaweka kidole, akaamuru stata, akafumba macho.

"Dhaifu," alisema. "Mpwa wangu, tia washa, kile kipete cha chuma, chini ya springi, ikaze zaidi."

"Baba, mshale umefika mwisho."

"Mshale wa leba."

"Gari litashika moto na Mkunga akiwa ndani."

"Nimekufundisha kushika spana kabla hujajua kufunga viatu. Leo unanifundisha kupima?" Akamgeukia Mkunga, akacheka kicheko kibaya ambacho sijakizoea. "Ukimpa mwanamke saa, anaanza kumwambia jua lichomoze lini."

Na hapo ndipo akaingiza mkono mfukoni mwa binti yetu.

Kuzeeka si dhambi, na ganzi ya kidole si dhambi. Lakini yeye alikuwa anajua. Alijua kidole chake hakisikii hata moto wa jiko, na bado alisimama pale akamfanya mtoto wetu kuwa mwongo na mjinga, akampokonya kazi aliyomwachia kwa mkono wake mwenyewe, ili tu watu waendelee kumwita jina lile. Na chakula alichokuwa anakula kila siku akiwa anafanya hivyo nilikipika mimi.

Mkunga alionekana hana raha. Ni mtu mwema, hapendi ugomvi wa watu ndani ya nyumba yao. Alimtazama binti yangu, akamtazama mume wangu. Akasema Fundi amelitunza gari lake karibu miaka arobaini, na dada yake anamsubiri, basi yeye atakwenda taratibu tu, akirudi wataweka hiyo washa. Spana Moja akarudisha bomba, akafunga boneti. Funguo za gereji zilikuwa zinaning'inia kwenye kidole chake, na nitasema ukweli, hakuonekana kuzifurahia. Alikuwa amezishika kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua.

Mkunga akafungua mlango wa gari.

Nilikwenda nikasimama mbele ya gari, tumbo langu likigusa namba zake.

"Fungua boneti," nilimwambia Spana Moja.

"Mama, mjomba ameshasema..."

"Fungua."

Akafungua. Mume wangu akaniambia, mama watoto, rudi ndani, haya si mambo ya jikoni. Aliniambia kwa sauti ya chini, na macho yake yaliniambia neno jingine kabisa. Yaliniambia uliahidi. Niliyaona. Nikamwambia binti yangu afungue tena bomba pale kwenye kabureta na kuligeuzia nje.

"Mimi nimezeeka, nataka kujifunza," nilisema. "Weka kidole, baba watoto. Mimi nitasukuma, wewe utatuambia. Hatupigi stata. Tunatumia mkono."

Chini ya pampu za namna ile kuna kimkono kidogo cha chuma. Ukikipigapiga kwa vidole, pampu inasukuma mafuta bila kuwasha injini. Nimemwona akifanya hivyo maelfu ya mara. Hakuweza kukataa, Mkunga alikuwa anamtazama. Akaziba mdomo wa bomba kwa kidole gumba, akafumba macho kama kawaida yake.

Niliinama, nikaingiza mkono wangu chini ya pampu. Nikawa nachezesha kiwiko juu, chini, juu, chini. Vidole vyangu havikugusa kitu.

"Unaonaje?" nilimwuliza.

"Dhaifu," alisema. "Inasukuma, lakini dhaifu. Si niliwaambia?"

Niliutoa mkono wangu nikauinua juu, vidole vitano vikavu, wote wavione. "Sikusukuma chochote. Mkono wangu ulikuwa hewani."

Spana Moja akakohoa, akajaribu kumwokoa mjomba wake, na kwa hilo simlaumu. "Si ndiyo dhaifu yenyewe, mama? Hakuna, ni dhaifu iliyozidi." Akacheka peke yake, akaacha.

Ningeweza kukomea hapo. Mtu mwenye subira angekoma. Lakini mume wangu alikuwa bado ameziba bomba, bado amefumba macho, ameng'ang'ania, na akasema, "Basi sukuma kweli, uone kama kuna tofauti."

Nikakishika kimkono nikasukuma kweli. Mara tano, mara sita. Springi ile ya lori ilikuwa kali kama binti yangu alivyosema. Petroli ikajipenyeza chini ya kidole chake, ikamrukia kifundo, ikatiririka mkononi, ikaingia chini ya shati lililokunjwa mpaka kwenye kiwiko. Sakafu ikalowa.

"Hakuna kitu," mume wangu alisema. "Hakuna kitu kabisa."

Niliacha kusukuma. Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Alipanua pua, akafumbua macho, akautazama mkono wake unaong'aa. Aliondoa kidole polepole, akakigeuza, akakitazama.

Hakuna aliyecheka. Mkunga aligeuka akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, akatafuta sana, na mkoba wenyewe ulikuwa na vitu vitatu. Spana Moja alileta stuli akaiweka nyuma ya magoti ya mjomba wake, mjomba akakaa bila kutazama. Wema ule niliuona, na bado hasira yangu haikutoka. Nilitaka aseme. Nilitaka afungue mdomo amwambie mtoto, ulikuwa sahihi. Hakusema.

Binti yangu alileta beseni na sabuni. Akapiga magoti akamwosha baba yake mkono, kuanzia kiwikoni kushuka. Alipofika kwenye kidole gumba akasimama. Alilikuta lile kovu la mfuniko, na juu yake malengelenge mengine mawili ambayo hata mimi sikuyajua. Alikisugua kwa ukucha wake. Baba yake hakushtuka.

Akainua uso, akanitazama mimi.

"Ulijua tangu lini, mama?"

"Tangu masika."

Alihesabu kimya kimya, niliona midomo yake. "Miezi sita. Miezi sita nikiitwa mwongo, na wewe unaniletea chai."

Hasira niliyokuwa nimeibeba kwa mume wangu ilinigeukia mimi mwenyewe, ikakaa hapo. Alikuwa na haki. Moto ungewaka, ningekuwa nimeuwasha mimi kwa mdomo uliofungwa.

Mkunga alimaliza kutafuta kwenye mkoba. Alikuja akauchukua mkono wa mume wangu kama anavyochukua kitoto, akaanza kumbonyeza ncha za vidole kwa ufunguo wa gari, kimoja kimoja. Hapa unasikia? Na hapa? Mume wangu alikuwa anatazama ukuta. Kwenye kidole kidogo tu ndipo alipoitikia kwa kichwa.

"Mficha uchi hazai, Fundi," Mkunga alimwambia. "Nimewaambia wanawake neno hilo maisha yangu yote, na leo nakwambia wewe. Jumatatu utakwenda kliniki. Utavua na viatu, wakuangalie miguu. Na gari litakalokupeleka ni hili, kwa hiyo hakikisha limetengenezwa na anayejua."

Binti yangu alirudisha springi ya zamani. Spana Moja akamshikia taa, akampa spana aliyotaka, si ile yake moja. Walipomaliza akafunga saa, akapiga stata. Mkunga ndiye aliyeinama kusoma, maana mshale ule aliusoma miaka mingi kabla yetu.

"Mia na arobaini na tano," alisema. "Angekuwa mama mjamzito ningemlaza sasa hivi. Kwa gari?"

"Kwa gari ni afya njema," binti yangu alisema.

Injini ikawaka, ikanguruma taratibu. Tulisubiri mpaka ikapata moto. Kabureta ikabaki kavu. Binti yangu alipitisha karatasi nyeupe chini yake, akaigeuza mara mbili, haikuwa na doa.

Mkunga alipoondoka, Spana Moja akamletea binamu yake funguo, amezilaza kwenye kiganja. Binti yangu alijifuta mikono, hakuzipokea.

"Sikukupa mimi," alisema. "Aliyezichukua anajua zilikuwa wapi."

Mpwa akabaki amesimama katikati ya banda na kiganja wazi. Mume wangu alikuwa bado kwenye stuli. Alikaa sana. Nilidhani angekaa mpaka giza. Kisha akainuka, akazichukua funguo kutoka kwenye kiganja cha mpwa wake, akamwendea binti yetu. Akazielekeza kwenye mfuko wa ovaroli. Hazikuingia. Ziligonga ukingo, zikaanguka sakafuni kwa kishindo. Akainama, akazipapasa, zikamponyoka, akazishika tena kwa vidole vya mkono wa kushoto. Akajaribu tena. Alikuwa hajui ukingo wa mfuko uko wapi kwa sababu vidole vyake havikuusikia.

Binti yangu aliutanua mfuko kwa vidole viwili, akaushika wazi, akangoja.

Funguo zikaingia.

"Kesho fungua mapema," mume wangu alisema, akitazama chini. "Kuna yule mwenye pikapu." Akaingia ndani ya nyumba, na mlango hakuufunga.

Nilichukua lile birika nililoliweka chini, nikapasha chai upya. Nilimpelekea binti yangu kikombe. Alikipokea bila kunitazama. Nikageuka nikaelekea jikoni kumimina kikombe cha pili.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponisemesha, bado amenipa mgongo, anafuta saa yake kwa kitambaa.

"Ya baba ipoze kwanza."